Mashine Haijafa, Inapoa

Kipindi cha saa tisa alasiri ndicho kigumu kuliko vyote. Wali wa mchana umeshashuka, mabati ya karakana yamekunywa jua tangu asubuhi, na hata hapa Mbeya, mji ambao wageni wanashuka kwenye basi wakiwa wamevaa makoti, saa hizo jasho linatoka. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada walikuwa wanachomelea fremu za madawati. Mimi ni mtu wa mashine za umeme, kuchomelea si fani yangu. Nilikuwa nimemshikia kipindi mwenzangu aliyekwenda kukagua vijana walioko field, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo.

Kijana mmoja, yule mwenye mkono uliotulia kuliko wenzake, alikuwa ameinama pale muda mrefu bila kuinua uso. Ghafla cheche zikakatika. Taa ndogo ya njano ikawaka mbele ya mashine. Akavua kofia, akaizaba mashine makofi mawili ubavuni kama anamwamsha ng'ombe, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mashine imekufa."

"Haijafa. Inapoa."

Nikamwambia asome kibati kilichobandikwa nyuma. Akasoma: ampea 200, asilimia 35. Asilimia 35 ya nini? Mmoja akasema ya umeme unaopotea. Mwingine akasema ya ubora. Wa tatu, ambaye kila darasa lina wa kwake, akasema ni punguzo la bei dukani.

Ni asilimia ya muda. Katika kila dakika 10, mashine ile inaruhusiwa kuchomelea kwa ampea 200 dakika tatu na nusu tu. Dakika sita na nusu zinazobaki, feni inazunguka na koili zinapoa. Aliyeiunda hakuweka mapumziko hayo kwa huruma. Alipima joto, akaangalia vanishi inayotenganisha nyaya inavumilia kiasi gani, akapiga hesabu, akaandika jibu kwenye kibati. Na kwa kuwa alijua mafundi hawasomi vibati, akaweka na swichi ya joto ya kuwakatalia.

Nikachukua chaki nikaandika sakafuni. Joto kwenye waya linakwenda na mraba wa mkondo. Kwa hiyo ukitaka kuchomelea mfululizo, bila kupumzika hata dakika moja, unachukua 200 unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.35. Wakabonyeza kalkuleta za kwenye simu. Jibu ni 118 na ushee.

"Kwa hiyo haikatazi kufanya kazi bila kupumzika," akasema yule kijana. "Ila inakuwa mashine ndogo."

Nimefundisha hesabu hii miaka mingi, na sikumbuki kama niliwahi kuisema vizuri hivyo.

Tulikaa juu ya mabomba tukisubiri taa izime, na nikaanza kujihesabu. Wiki ile nilikuwa na vipindi vyangu, vya mwenzangu, na darasa la jioni la watu wazima wanaosoma wakitoka kazini. Jumamosi nilikuwa naenda kufundisha chuo kingine kwa malipo ya saa. Jumapili baada ya ibada, kazi za waya mitaani, kwa sababu nyumba haijaisha, ada haingoji, na kwenye simu kuna makundi matatu ya michango ya harusi za watu ambao wawili kati yao siwafahamu. Simlalamikii mtu. Kazi hizo niliziomba mwenyewe, nyingine kwa kubembeleza. Lakini nilipoyaweka hayo kwenye mlinganyo, nilijiona nipo kwenye ampea 118 siku saba za juma, huku nikijitambulisha kwa watu kama mashine ya 200.

Muhula uliotangulia nilikuwa nimeshaonywa, ila sikusikia.

Nilikuwa na karatasi za mtihani 140 za kusahihisha na siku nne za kuingiza alama kwenye mfumo. Siku ya mwisho niliingiza alama hadi saa nane usiku, kikombe cha kahawa mezani, macho yanaruka mistari. Siku mbili baadaye, binti mmoja alibisha hodi ofisini. Akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani kwa usumbufu. Naomba uniangalizie karatasi yangu. Sielewi nilikosea wapi."

Sio kwamba alikuja kunituhumu. Aliamini kabisa kwamba amekosea yeye, alitaka tu kuona ni swali lipi. Nikaifungua. Juu kwenye kona, kwa wino mwekundu na mwandiko wangu, 61. Kwenye mfumo, 16. Vidole vyangu viligeuza tarakimu mbili, na yeye alikuwa ameshapiga simu nyumbani kusema ana sapu, yaani amefeli na atarudia mtihani. Alilia usiku mzima, nilikuja kuambiwa na mwenzake. Tulijaza fomu, mkuu wa idara akasaini, alama ikarekebishwa kabla matokeo hayajapelekwa bodi. Nikamwomba radhi. Nilimwita mwanangu, nikamwambia kosa ni langu mimi.

"Hamna shida, mwalimu," akasema. "Pole na kazi."

Nilitamani angenitukana.

Maneno hayo tunayasema mara ishirini kwa siku bila kuyasikiliza. Umemkuta mtu analima, unamwambia pole na kazi. Anabeba zege, pole na kazi. Hata aliyekaa ofisini anachezea simu. Na jibu la zamani, ambalo bado nalisikia kwa wazee, ni "nimeshapoa". Wataalamu wa lugha wanisamehe nikiingilia shamba lao, lakini mimi kwenye pole na kupoa nasikia neno moja: unamwona mtu ana joto la kazi, unamtakia ubaridi, naye anakujibu kwamba ubaridi umefika. Kupumzika nako kumebeba pumzi ndani yake, yaani kurudisha hewa uliyoitumia. Lugha yetu ilikuwa na kibati tangu zamani.

Na majirani zangu Wanyakyusa wanaanza siku kwa swali hilohilo. "Ugonile?" Umelala? Mama wa nyumba ya pili ananiuliza kila asubuhi akipita na ndoo yake, nami kwa miaka naitikia nikiwa natafuta ufunguo wa pikipiki.

Ukija kwenye kaulimbiu zetu za kitaifa, hali ni nyingine. Uhuru na Kazi. Halafu mwaka 2015, Hapa Kazi Tu. Halafu Kazi Iendelee. Mtu wa mota akiisikia hiyo ya mwisho anacheka kidogo, kwa sababu kwenye kibati cha mota kuna herufi inayosema aina ya kazi: S1 ni kazi mfululizo, S2 ni kazi ya muda mfupi, S3 ni kazi yenye mapumziko ya kujirudia. Taifa limechagua S1. Sizibezi kaulimbiu hizo. Zina sababu yake, hasa katika fani yetu. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, uhandisi ulikuwa unafundishwa Nairobi. Dar es Salaam walikuwa wameanza na sheria mwaka 1961. Kitivo cha uhandisi pale Mlimani kilifunguliwa mwaka 1973. Kwa hiyo waliotufundisha sisi walifundishwa na watu ambao nchi ilikuwa inawasubiri nje ya mlango: madaraja yanasubiri, mabwawa yanasubiri, viwanda vinasubiri. Ukilala, nchi nzima inakusubiri uamke. Ule mwendo wa haraka tuliurithi pamoja na madaftari, na tukawarithisha hawa vijana bila kuuliza kama haraka hiyo bado ina kazi ileile.

Wao wameupokea kwa namna yao. Mwanafunzi wa uhandisi anayesema amelala kwa muda wa saa nane anaonekana kama anajitapa uvivu. Kukesha ndiyo sifa. Usiku wa kuamkia mtihani bweni zima linawaka taa, mtu anasoma formula kumi na mbili kwa wimbo, asubuhi anaziandika zote, na wiki inayofuata ukimuuliza kwa nini mota ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 haizunguki 1,500 kamili kwa dakika bali chini kidogo, anakutazama kama umemuuliza habari za ukoo wa mtu mwingine. Hakuna aliyempa muda wa kukaa na swali. Anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na mwenye hofu hatafuti kuelewa, anatafuta kupita.

Kwenye makaratasi, mambo yamepangwa vizuri. Kredit moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja kredit 120, jumla saa 1,200. Gawanya kwa wiki 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, na humo ndani ni pamoja na kusoma mwenyewe, maabara, hata kazi za nyumbani. Aliyeandika hesabu hiyo alikuwa mhandisi mwenzetu kwa roho, kwa sababu aliacha nafasi ya kupoa. Lakini ratiba ubaoni inaanza saa moja na nusu asubuhi, na kila mwalimu, mimi nikiwa wa kwanza, anaona somo lake ndilo linalobeba paa. Kila mmoja anaongeza kazi kidogo tu. Kidogo tu, mara masomo manane.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku, mapumziko ya dakika 60 ukishafanya kazi saa tano mfululizo, saa 12 kati ya kutoka kazini na kurudi, na siku 28 za likizo. Niliisoma nikiwa ndani ya basi, nikielekea Makambako kukagua mwanafunzi wa field, siku ambayo kwenye ratiba yangu iliandikwa likizo. Nilicheka peke yangu hadi jirani wa kiti akanitazama.

Mtu aliyekuwa anajua mambo haya bila hesabu ni fundi mzee wa karakana yetu, ambaye sasa amestaafu. Ikifika saa nne asubuhi alikuwa anaweka nyundo chini hata kama chuma bado chekundu. Chai, mihogo ya kuchemsha, kiti chake cha bomba. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwona mzembe. Siku moja nilimsihi amalizie shafti moja kabla ya chai kwa kuwa darasa linasubiri. Akaninyoshea mikono yote miwili, vidole kumi, akavihesabu mbele yangu polepole. "Mwalimu," akasema, "hivi nimevitunza kwa chai." Halafu akanyanyua kikombe. Mashine za lathe, zile za kukerezea chuma, alizifanyia kazi miaka zaidi ya thelathini.

Nilichojifunza baadaye kwa upande wa nadharia ni kwamba mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Insulesheni ya mota, kama ile vanishi ya kwenye nyaya, haifi siku moja. Inazeeka, na kanuni ya haraka tunayoifundisha ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi unazozidisha juu ya kiwango chake zinakata umri wake nusu. Mota inayozidishiwa mzigo kidogo kila siku haikupi taarifa. Inazunguka vizuri leo, kesho, mwakani. Siku inapoungua, watu wanalaumu umeme ulioruka siku hiyo.

Na kuna jambo moja ambalo nalipenda sana, nalifundisha kila mwaka kwa sababu ni la hapa kwetu. Vipimo vya kawaida kwenye kibati cha mota vimepangwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa isiyozidi nyuzi 40. Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi. Hewa ni ya baridi, ndiyo, lakini ni nyepesi, na hewa nyepesi haichukui joto vizuri. Mota ileile iliyokaa vizuri Bandarini Dar es Salaam, ukiipandisha huku lazima ukae chini uhesabu upya: ubaridi unakupa kiasi gani, wepesi wa hewa unakunyang'anya kiasi gani. Wanafunzi wanaotoka pwani wanashangaa. Walidhani baridi peke yake inatosha. Nami huwa nawaza watu wanaoniambia kazi ya chuo ni laini, mnakaa kivulini. Kivuli kipo. Hewa ndiyo nyepesi.

Basi baada ya ile 61 na 16, na hatimaye ile taa ya njano, nilifanya mambo mawili, moja la akili na jingine la kujaribu tu.

La akili: niliacha chuo cha Jumamosi. Mke wangu aliuliza pesa ya ada itatoka wapi, na swali lake lilikuwa la haki. Hatukupata jibu zuri. Tulipunguza matofali ya mwaka huo, na makundi ya michango nikatoka kimyakimya usiku, kama mwizi. Darasa la jioni bado ninalo.

La kujaribu: kwenye saa nne za maabara kwa wiki, moja niliiondolea jaribio, ripoti na alama. Nikawaambia leteni kitu kilichokufa nyumbani, tukifungue. Wiki ya kwanza wakaleta pasi, redio ya betri, na blenda moja iliyonuka ndizi zilizoungua. Wawili walilala juu ya meza. Niliwaacha walale. Wiki ya pili waliamini kwamba kweli hakuna alama, wakakaribia kuacha kuja. Wiki ya tatu mmoja alileta mota ya pampu ya maji ya jirani yao, na tulipoifungua tukakuta feni ya nyuma imevunjika mapanga. Mtu aliifunga mota hivyohivyo, bila feni, kwa kuwa iliendelea kuzunguka. Koili zilikuwa nyeusi kama mkaa. Darasa likanyamaza. Walishika zile koili kwa zamu, wakazinusa, wakabishana kama iliungua siku ngapi baada ya feni kuvunjika. Kipindi kiliisha saa kumi na mbili kasoro, na mlinzi alikuja kututoa saa moja na nusu usiku.

Sitaki kulipamba. Wiki nyingine hakukuwa na kitu, tulikaa tukapiga soga za mpira. Mwenzangu mmoja anaiita saa ya kijiweni, na siwezi kumbishia sana. Nakiri tu kwamba maswali bora niliyoulizwa mwaka ule yalitoka kwenye saa ile.

Swali moja bado linanisumbua. Nilikuwa nawasimulia habari ya baba yangu. Alikuwa TAZARA, mkaguzi wa mabehewa, reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyokabidhiwa mwaka 1976. Nikiwa mdogo alikuwa ananichukua stesheni treni ya abiria ikiingia. Watu wanashusha mizigo, yeye anapita pembeni na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Chuma kizima kinaimba. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, kama kugonga sufuria lenye uji. Hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza, na mimi nilikuwa nakatazwa kuongea.

Nikawaeleza chanzo cha hofu hiyo ya ufa. Mwezi Mei 1842 treni iliyotoka Versailles kwenda Paris ilianguka baada ya ekseli ya injini kukatika, na watu zaidi ya 50 wakafa. Chuma kilikuwa kinabeba mzigo uleule kila siku, mzigo ambao kwa hesabu kiliuweza. Ikamchukua mhandisi wa reli Mjerumani, August Wöhler, majaribio ya miaka mingi, katika miaka ya 1850 na 1860, kuonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kikiurudia mara nyingi mno. Ndiyo tunaita uchovu wa chuma.

Yule kijana wa mkono uliotulia akainua kidole. "Mwalimu, ekseli ikipumzishwa, ule ufa unaziba?"

Hauzibi. Mashine ya kuchomelea ukiisubiri dakika sita inarudi kama ilivyokuwa, maana uchovu wake ni joto. Ekseli unaweza kuilaza mwaka mzima kwenye bohari, ukiirudisha relini ufa unaendelea palepale ulipoishia. Dawa yake ni kuukamata mapema kwa nyundo na sikio, au kupunguza mzigo tangu mwanzo uwe chini ya kiwango ambacho chuma cha namna hiyo kinaweza kukibeba siku zote. Nilimjibu hivyo. Akaandika. Akauliza tena: "Sasa mtu atajuaje amechoka uchovu upi?"

Kengele ilikuwa imeshalia zamani. Wenzake walikuwa wanavaa mabegi. Nikamwambia tutaliendeleza wiki ijayo, nasi hatujaliendeleza.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani, siku ambayo zamani ningekuwa kwenye basi la chuo cha pili. Nilisimama kwenye ua na mswaki mdomoni. Mama wa nyumba ya pili akapita na ndoo yake.

"Ugonile?"

Nikatema povu. "Bado, mama," nikasema. "Sijalala vizuri siku nyingi."

Akasimama, akatua ndoo. Maji yakamwagika kidogo kwenye kanga yake, hakuyajali. Akaniuliza ninalala saa ngapi, nikamwambia. Akaniuliza naamka saa ngapi, nikamwambia. Akauliza kama naumwa kifua. Halafu akaanza kunihadithia habari za marehemu mumewe, dereva wa malori ya Tunduma, hadithi ndefu, na nikavuta kigoda nikakaa.